Pawa saplai yangu yaua transista kila nyaya zikigusana

MwanaLikoni
Assalamu alaykum mafundi. Nina kibanda cha redio za gari huku Likoni. Pawa saplai ya kujaribia nimejiundia: transfoma ya volti 15, daraja la dayodi, kapasita kubwa, kisha transista kubwa ya 2N3055 na zena (dayodi ya kushikilia volti) ya volti 13, risista ya omu 220 ikilisha besi, yaani mguu unaoiongoza transista. Yatoa volti 12 na kitu, safi. Shida, nyaya za kutokea zikigusana tu, cheche moja, transista imekwenda. Mwezi huu ni ya tatu. Na fyuzi ya ampea 2 nimeweka, yabaki nzima!

Saketi_Kisauni
Weka 7812, kidhibiti cha volti 12 kilicho tayari, ulale usingizi. Ina kinga ya shoti na ya joto humo humo ndani.

MwanaLikoni
Nilijaribu kaka. Redio ikipandishwa sauti, hiyo 7812 yachemka na kujizima, mteja adhani redio yake ndiyo mbovu. Na hizi 2N3055 ninazo kopo zima.

FundiMkongwe
Wa alaykum salaam mwanangu. Fyuzi mpaka ipate moto ndipo ikatike. Transista haina subira hiyo.
Tafuta risista ya omu 0.47, ile nyeupe ya saruji ya wati 5. Iweke kati ya emita ya 2N3055 (mguu wa kutolea umeme) na njia ya kutokea. Kisha chukua transista ndogo ya BC337: besi yake kwenye emita ya 2N3055, emita yake upande wa pili wa risista, kolekta yake (mguu wa kuingizia umeme) kwenye besi ya 2N3055. Umeme ukikaribia ampea 1.4, risista yapata kama volti 0.65, BC337 yaamka na kuinyang'anya ndugu yake chakula cha besi. Hapo umeme haupandi tena.
Utapoteza nusu volti hivi redio ikivuta ampea 1. Redio ya gari haitajali.

Saketi_Kisauni
Mzee, lakini joto? Kapasita ina kama volti 20. Kawaida transista yala wati 8, kwenye shoti 28.

FundiMkongwe
Kweli. Bati la kupoozea liwe kubwa, na kwa joto letu la Februari uongeze feni. Usisahau mika, kile kipande chembamba cha kuzuia umeme usipite kwenye bati, maana gamba la 2N3055 ndilo kolekta. Na ile omu 220 iwe ya wati 2, maana wakati wa shoti yabeba karibu volti 19 peke yake.

MwanaLikoni
Nimefunga jana usiku. Nimegusanisha nyaya kupitia mita: ampea 1.36, imesimama hapo hapo! Nikakaa naitazama kama televisheni, mpaka nikasikia harufu. Omu 220 ilikuwa bado ile ya zamani, ya robo wati. Sasa ni nyeusi kama mkaa.

FundiMkongwe
Si nilikwambia, yakhe?