Mzoga wa nyamapori unaoletwa bila kichwa wala matumbo: unakaguliwaje?

MkaguziMkoani

Wakuu, habari za kazi. Nimezoea ng'ombe na mbuzi machinjioni, sasa nimepangiwa bucha la nyamapori lililosajiliwa chini ya kanuni za Tanzania za kuuza nyamapori za mwaka 2020. Tunaletewa nyumbu, swala pala na ngiri, mara chache nyati. Karatasi ziko sawa: leseni, idadi, mahali pa kuwindia. Shida ni kwamba mzoga unafika umeshapasuliwa, kichwa kimebaki porini na matumbo yametupwa. Ng'ombe ningemwanzia kwenye ulimi, mashavu na tezi za koo. Hapa sina pa kuanzia. Je, naruhusiwa na dhamira yangu kugonga muhuri kwa kutazama nyama peke yake? Na nikitaka kuwapa wawindaji orodha ya vya kuleta, niandike nini?

DktPorini

Usigonge, mkuu. Nyama ya paja inaweza kung'aa huku mapafu yalikuwa yamejaa kifua kikuu. Magonjwa mengi tunayoyatafuta hujificha kichwani na kwenye viungo vya ndani, na huyo uliyeletewa amekuja bila ushahidi wake.

Elewa kwamba nusu ya kwanza ya ukaguzi hufanyika kabla ya risasi. Ng'ombe hutazamwa akiwa zizini. Mnyama wa porini hutazamwa na mwindaji tu. Kwa hiyo mwindaji ajaze fomu fupi: mnyama alikuwa na kundi au amejitenga, alichechemea, alitokwa na mate au kamasi, aliogopa watu au alisimama tu akitazama. Aandike saa ya kupiga, risasi iliingia wapi, na saa ya kutoa matumbo. Asipojua kujaza, afundishwe kabla hajapewa kazi.

Vya kuleta pamoja na mzoga: kichwa chenye ulimi; mapafu, moyo na ini vikiwa bado vimeshikana kwenye koo la hewa; bandama; figo. Kila kifurushi kiwe na lebo yenye namba ileile iliyo mguuni mwa mzoga. Viungo vya nyumbu watano vikichanganywa kwenye ndoo moja havina kazi tena, maana ukikuta jipu kwenye pafu hujui utupe mzoga upi. Tumbo na utumbo vinaweza kubaki porini, ila mwindaji avitazame, aandike alichoona, kisha avifukie.

Sasa kimeta, kwa sababu hiki hakisamehe. Damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au mkunduni, tumbo likivimba upesi, mwili usipokakamaa: mzoga huo haupasuliwi kabisa. Bakteria wake wakikutana na hewa hujigeuza mbegu sugu zinazokaa ardhini miaka mingi. Penye shaka, litolewe tone la damu kwenye mshipa wa sikio, lipakwe kwenye kioo na kukaushwa, kisha maabara watie rangi ya methilini bluu. Kwenye darubini utaona vijiti vya buluu vyenye ncha kama zilizokatwa kwa kisu, kila kimoja kimezungukwa na utando wa waridi. Kama mzoga umeshapasuliwa, tazama bandama. Iliyo nzima ina kingo kali na imeshikana; ya kimeta imevimba, kingo zimekuwa duara, na ukiikata inamwagika kama uji mweusi. Ngiri ana hila yake: kimeta chake mara nyingi hukaa kooni, damu ya sikio ikaonekana safi. Koo la ngiri lililovimba lisipuuzwe.

Bucha_Safi

Nakubaliana na Dokta, naongeza upande wa risasi na joto, kwa sababu nyama nyingi ya porini haiharibiwi na ugonjwa. Inaharibiwa na mikono yetu.

Chunguza tundu la risasi kwanza. Mnyama aliyepigwa akiwa hai, nyama iliyozunguka tundu imeloa damu, imekuwa zambarau. Ukikuta tundu kavu na safi, huyo alipigwa akiwa ameshakufa. Ni kibudu kilichotobolewa ili kipite, usisumbuke nacho zaidi. Tundu halali likatwe kwa upana, sentimita 15 kila upande kama imetengenezwa kwa madini laini ya risasi (ledi), maana vipande vyake vidogo vya madini husambaa mbali kuliko jicho linavyoona. Nyama hiyo hata mbwa asipewe.

Risasi ya tumbo ni hasara. Mavi yakishasambaa ndani ya kifua na kwenye minofu ya kiuno, kuosha kwa maji kunayasukuma ndani zaidi. Katakata sehemu iliyochafuka, kwa kisu kilichochovywa kwenye maji ya nyuzi 82. Ikiwa uchafu umeenea uwazi wote wa mwili, tupa.

Matumbo yatoke ndani ya muda wa saa moja, na kwa jua la mchana nusu saa. Umio na mkundu vifungwe kamba kabla ya kuvuta. Ngozi ibaki hadi mzoga ufike, inazuia vumbi na nzi, lakini isiwe sababu ya kurundika mizoga ikiwa moto kwenye gari. Rundo la namna hiyo hupikika lenyewe. Chukua chuma kirefu chembamba, kichome hadi kwenye mfupa wa nyonga, kichomoe, kinuse papo hapo. Harufu chachu na nyama yenye rangi ya shaba maana yake joto lilibaki ndani. Katikati ya paja panatakiwa pashuke hadi nyuzi 7 au chini.

Kama una kipima pH (uchachu wa nyama), nyama nzuri baada ya saa 24 iko kati ya 5.4 na 5.8. Ikizidi 6.2, nyeusi na inanata, mnyama alikimbizwa mpaka akachoka. Inaweza kuliwa ila haikai, basi isiwekwe kwenye mifuko ya kunyonywa hewa.

MkaguziMkoani

Nashukuru sana, wakuu. Swali la nyongeza: kwenye swala pala nakuta ini lenye mirija minene, ukikata inatoka minyoo myeupe bapa kama utepe. Mzoga mzima utupwe? Na nyati na ngiri, kipi cha kutazama zaidi?

DktPorini

Huyo ni tegu wa mirija ya nyongo, anayeitwa Stilesia. Hampati binadamu. Tupa ini kwa sababu ya sura, mzoga upite kama mengine yote ni safi. Usimchanganye na mnyoo wa ini wenye umbo la jani. Vifuko vya maji kwenye mapafu au ini, ambavyo ni watoto wa tegu wa mbwa, navyo vinaondoa kiungo, ila vichomwe. Mbwa wa bucha akila ndipo balaa linapozunguka.

Nyati: kifua kikuu. Tezi zilizo nyuma ya koo na zilizo kati ya mapafu zikatwe vipande vyembamba vya milimita 2 au 3. Utakuta usaha mkavu wa manjano, na kisu kinakwaruza kama kimegusa mchanga. Kikionekana kwenye zaidi ya kiungo kimoja, mzoga wote unatupwa. Mimi hata kwa tezi moja ya nyati siupitishi. Na goti lililovimba maji linanifanya nifikirie brusela, ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza na watu: glavu, miwani, na mji wa mimba usifunguliwe.

Ngiri: trikinela, minyoo midogo ya kwenye msuli, haionekani kwa jicho. Sampuli ni ya nguzo za kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) na ya ulimi, ikayeyushwe maabara kwa pepsini na asidi. Maabara ikiwa mbali, nyama iuzwe kwa sharti la kupikwa hadi nyuzi 71 katikati. Kukausha na kubanika kwa moshi hakutoshi. Mabaki ya ngiri yasifike kwa nguruwe wa kufugwa: ngiri hubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, na papasi wa mashimo yake hubeba pia.

BibiAfya

Nasahihisha jambo moja ambalo bado linafanyika sana huku wilayani: kumwaga chokaa juu ya mzoga wa kimeta. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 hauishauri, kwa sababu kalisi iliyomo ndani ya chokaa inaweza kuzisaidia mbegu kudumu. Choma mzoga mpaka uwe majivu. Kuni zikikosekana, shimo liwe na udongo wa mita 2 juu yake, mbali na kisima, na pale damu ilipomwagikia pamwagiwe dawa ya formalini ya asilimia 10. Waliomgusa mnyama waandikwe majina na wapelekwe zahanati siku hiyohiyo, wasisubiri kidonda cheusi.