Kurudia The Lion King kwenye Game Boy: tulishindwa sisi au ilishindwa mashine?

Mwana wa Kibokoni

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwezi uliopita tulikuwa tukipanga upya chumba cha marehemu mama hapa Mombasa, nami nikaikuta ndani ya mkebe wa biskuti Game Boy yetu ya utotoni, mashine ya mkononi ya kuchezea michezo, ile nene ya kijivu, pamoja na kaseti moja tu iliyosalia, nayo ni ya mchezo wa The Lion King. Shangazi yetu aliyekuwa akiishi Maskati ndiye aliyetuletea mwaka 1996. Tulikuwa watoto watatu tukigombea zamu, kwa sababu mashine ilikula betri nne kwa mpigo, na zikiisha hatukupata nyingine mpaka mwisho wa mwezi. Filamu yenyewe ya katuni, iliyotoka mwaka 1994, ilitengenezwa Marekani, lakini kwa kuwa mhusika wake mkuu anaitwa Simba, mzee wa busara anaitwa Rafiki na ngiri anaitwa Pumbaa, sisi tuliipokea kama hadithi ya kwetu iliyokwenda safari ikarudi.

Ninalotaka kuuliza ni hili. Utoto wetu wote hatukuwahi kuvuka hatua ya pili, pale kima wanapomrushiana Simba mdogo kutoka mti mmoja hadi mwingine. Sasa nina umri wa miaka arobaini na ushei, nimejaribu usiku tatu mfululizo, na bado ninarudishwa mwanzo. Isitoshe, Simba anapokimbia picha yote inavutika kama wino uliomwagikiwa maji, na kioo kina mistari miwili iliyosimama ambayo haikuwepo zamani. Je, mchezo huu ulikuwa mgumu kwa makusudi, au ni udhaifu wa mashine? Na je, inafaa nimpe binti yangu wa miaka tisa auchezee humu humu, au nimtafutie njia nyingine?

Mlezi wa Kaseti

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Pole kwa kufiwa na mama.

Ugumu ule uliwekwa kwa makusudi, na habari yake inajulikana. Matoleo makubwa ya mchezo huu, la Super Nintendo na la Mega Drive, mashine za kuchezea kwenye televisheni, yalitengenezwa na Westwood Studios ya Las Vegas na kutolewa na Virgin Interactive mwaka huo huo wa filamu. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, ameeleza hadharani miaka ya baadaye kwamba wenye filamu, kampuni ya Disney, walitaka mchezo usiweze kumalizwa katika muda wa kuazima. Wakati ule Wamarekani wengi walikodi michezo madukani kwa siku chache, kama sisi tulivyokodi kanda za video, na mtoto aliyeumaliza mchezo kabla ya kuurudisha hakuwa na sababu ya kumwomba mzazi amnunulie. Kwa hiyo fumbo la kima likakazwa. Likawekwa hatua ya pili, mapema kabisa, ili aliyekodi akwame pale na atamani kuwa na kaseti yake mwenyewe.

Jambo hili hunisikitisha kila ninapolikumbuka, kwa sababu watoto wa Mombasa, Tanga au Bujumbura hawakuwa na duka la kukodi kaseti za Game Boy. Mlikuwa na kaseti moja, mmeimiliki kwa halali, na bado mlilipishwa ugumu uliokusudiwa soko la nchi nyingine.

Kuhusu kulivuka fumbo lenyewe: msiruke kwanza. Ngurumo ya Simba ina kipimo chake kwenye kioo, na kipimo kisipojaa ngurumo haina nguvu, hata ubonyeze kitufe mara kumi. Kila kima humrusha Simba upande anaoutazama, na akingurumiwa kwa nguvu kamili hugeuka. Basi safari yote hupangwa ukiwa bado chini. Watoto wengi waliitumia ngurumo kumtishia nungunungu peke yake, kwa sababu hatua ya kwanza ndivyo inavyofundisha, na hakuna mahali mchezo unapokuambia kwamba kima nao wanasikia.

Zuhura wa Leicester

Ninaomba kutofautiana kidogo na ndugu Mlezi, si katika habari ya ugumu, bali kwa kuwa ameizungumzia Game Boy kana kwamba ni dirisha dogo la kutazamia mchezo ule ule wa Super Nintendo.

Kioo cha Game Boy kina nukta 160 kwa 144, na rangi zake ni vivuli vinne tu, kuanzia kijani kilichofifia hadi kijani cheusi. Picha zinazotembea juu ya mandhari hujengwa kwa vijipande vyenye upana wa nukta 8, na mashine haiwezi kuonyesha zaidi ya vijipande 40 kwa wakati mmoja, wala zaidi ya 10 katika mstari mmoja wa kioo. Hebu pigeni hesabu: mnyama mwenye upana wa nukta 32 anakula vijipande 4 katika kila mstari anaoupitia. Akisimama mbele ya fisi mwenye upana huo huo, vimebaki viwili vya mnyama mwingine yeyote. Vikizidi, baadhi havichorwi, na hapo ndipo mchezaji anapoona miguu ya adui ikipotea na kurudi.

Katika matoleo makubwa, wachoraji wa Disney wenyewe walichangia michoro ya mwendo wa Simba, na uzuri wa mchezo ulitegemea sana mwendo huo. Waliouhamishia kwenye Game Boy walikuwa na deni la kuulinda mwendo ule ndani ya vivuli vinne, na kwa maoni yangu walililipa kwa sehemu kubwa. Tazama Simba mdogo anavyoning'inia kwenye ukingo wa jiwe kisha akajivuta juu kwa miguu ya mbele. Kwenye kioo kile kidogo bado unaiona jitihada ya mwana wa simba.

Kasoro ninayoikubali ni ukubwa wa wahusika ukilinganisha na kioo. Simba amechorwa mkubwa ili tumpende, hivyo nafasi iliyobaki mbele yake ni finyu, na unaruka kabla hujaona unakotua. Kwa mtoto wa miaka tisa huo ni uonevu. Mwaka 2019 kampuni ya Digital Eclipse ilitoa mkusanyiko wa The Lion King na Aladdin kwa mashine za kisasa, na toleo la Game Boy limo pia. Humo unaweza kuurudisha mchezo nyuma baada ya kukosea, kuhifadhi mahali ulipofika, au kutazama hatua ikichezwa kisha ukaingia mwenyewe pale unapotaka. Binti aanzie hapo, mwenye hamu atakuja kukuomba ile ya kijivu.

Fundi Redio Mstaafu

Mimi nitajibu la kioo tu. Mvutiko wa picha si ugonjwa, ndivyo kioo cha Game Boy ya kwanza kilivyo, kwa kuwa nukta zake huchelewa kubadilika. Gurudumu dogo la ubavu wa kushoto hupunguza au kuongeza ukolezi. Lirudishe kidogo, mvutiko utapungua, ingawa picha itafifia. Game Boy Pocket ya mwaka 1996 ina kioo kilicho afadhali, na Game Boy Advance SP yenye taa pia inazipokea kaseti hizi.

Mistari iliyosimama, hiyo inatibika. Kwa kawaida ni utepe wa nyaya chini ya kioo uliolegea. Mashine hufunguliwa kwa bisibisi ya pembe tatu, kisha utepe hupashwa moto taratibu kwa chuma cha lehemu mpaka mstari urudi. Usikae mahali pamoja, utauchoma. Kaseti nayo isipulizwe kwa mdomo, mate huleta kutu. Tumia kijiti cha pamba chenye spiriti.

Mwana wa Kibokoni

Nawashukuru nyote. Fundi wa mtaani amepasha utepe na mstari mmoja umeondoka, wa pili umebaki pembeni, nami nimeamua kuuacha. Jana baada ya Isha nilikaa na binti yangu, nikasoma maelezo ya ndugu Mlezi kwa sauti, naye akachora kima wote kwenye ukurasa wa daftari kwa mishale ya kulia na kushoto. Tulimngurumia wa kwanza kipimo kikiwa kimejaa. Akageuka! Nimekaa miaka thelathini bila kujua kwamba anageuka.

Tulivuka kwenye jaribio la nne. Nimempigia dada yangu simu usiku huo huo, naye hakuuliza ni mchezo gani, alisema tu, "Kima?"

Dada Zuhura, mkusanyiko ule nitautafuta, lakini binti anasema ile ya kijivu haigusi mtu mpaka afike kwa fisi.