PEDI, PEDI-CAT au WeeFIM kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili?

utengamao_kask: Wakuu, tunachagua kipimo cha kituo cha kufuatilia mtoto anaweza nini katika shughuli za kila siku: PEDI, PEDI-CAT (PEDI ya kompyuta) au WeeFIM. Watoto ni wa miaka 3 hadi 12, wengi GMFCS (madaraja ya uwezo wa mwendo, I hadi V, V ndilo zito zaidi) daraja la IV na V, na karibu wote wana ulemavu wa akili. Tunapima kila miezi 6. Mnashauri kipi?

tibavitendo: WeeFIM ina vipengele 18, kila kimoja alama 1 hadi 7. Ni ya haraka, lakini kwa daraja la V karibu vyote vinaganda kwenye 1. Mtoto akianza kusukuma mkono mwenyewe wakati anavalishwa shati, jumla haisogei. PEDI ya 1992 inakiuliza kitu hichohicho: ina vipengele 197 vya ujuzi, na 20 vya msaada wa mlezi, kuanzia 0 (anafanyiwa kila kitu) hadi 5 (anajitegemea). Mimi ningeenda na hiyo.

Bi_Takwimu: Sawa, ila angalia umri. PEDI ilisanifishwa kwa miezi 6 hadi miaka 7 na nusu. Mwenye miaka 10 usimpe alama ya kulinganisha na rika; tumia alama ya mizani, 0 hadi 100, inayoonesha uwezo wake mwenyewe bila kuangalia umri. Hata kwa wadogo, alama ya rika inaweza kushuka huku mtoto anajifunza, kwa kuwa wenzake wanaenda kasi zaidi. Mzazi akioneshwa hiyo peke yake ataamini mwanawe anarudi nyuma.

PEDI-CAT inafika miaka 20, na toleo fupi halizidi maswali 15 kwa kila eneo (mfano shughuli za kila siku, au mwendo). Lakini ile sehemu ya msaada wa mlezi imeondolewa, ikawekwa ya uwajibikaji (mtoto anajisimamia kiasi gani badala ya mlezi). Kwa daraja la V hiyo ni hasara.

mtaa_kwa_mtaa: Mnasahau maswali yenyewe. Uliza "anakula mwenyewe?" na mama atajibu ndiyo, akimaanisha anatafuna na kumeza. Uliza hivi: "Jana mchana, nani alipeleka tonge mdomoni?" Na umuulize anayemlisha kweli, mara nyingi bibi au dada wa kazi. Uganda walishairekebisha PEDI kwa mazingira yao (PEDI-UG). Anzieni hapo kabla ya kutafsiri upya.

Pia andika pembeni *kwa nini* hawezi. Mpe kijiko cha mpini mnene, mkalishe vizuri, miguu ikanyage. Akishika lakini hajui kichote au kipelekwe wapi, tatizo si mkono tu. Alama ni ileile, mazoezi ni tofauti kabisa.

utengamao_kask: Kuna mwenzetu anataka GMFCS yenyewe iwe kipimo cha maendeleo.

Bi_Takwimu: Hapana, mkuu. Ni daraja, na linatarajiwa kubaki palepale. Liandikeni mwanzoni pamoja na MACS (madaraja ya matumizi ya mikono) na CFCS (ya mawasiliano), mlihakiki mtoto akivuka miaka 2, 4, 6 na 12.

tibavitendo: Muda ukibana, fanyeni eneo la kujihudumia tu la PEDI, ujuzi pamoja na msaada. Ajibu mlezi yuleyule kila mnapopima. Mlezi akibadilika, hamtajua kilichobadilika ni mtoto au msemaji.