Mrejesho: madarasa ya Jumapili kwenye sinagogi

Wapendwa, mwezi wa nane niliuliza: mimi Mkristo wa Tanga, mume Myahudi, tuko Chicago, je, watoto wasome dini kwenye sinagogi? Hofu yangu ilikuwa wataambiwa wao si Wayahudi kwa sababu mama yao siye. Mkanishauri nikamuone rabi kwanza.

Nilikwenda. Sinagogi letu ni la Reform, tawi la Uyahudi lenye msimamo wa kiliberali, na Wareform wa Marekani tangu 1983 wanamtambua mtoto wa baba Myahudi akilelewa Kiyahudi. Nilishusha pumzi.

Siku ya kwanza mwalimu aliwawekea wadogo tone la asali juu ya alef, herufi ya kwanza ya Kiebrania, walambe, waonje utamu wa elimu. Desturi ya zamani sana hiyo. Kitinda mimba wangu akaomba na ya bet, herufi ya pili!

Ila kilichonigusa hasa ni Havdala, ibada fupi ya kuiaga Sabato Jumamosi usiku, wazazi na watoto pamoja. Mshumaa uliosukwa kama nywele unawashwa, kisha kikopo cha viungo kinapita mkono kwa mkono, kila mtu ananusa. Kikanifikia. Karafuu! Jikoni kwa bibi kabisa. Machozi yakanitoka, mwanangu akanishika mkono.

Asanteni mno. Jumapili hii tunasuka hala, mikate ya Sabato.