Daraja limefunguliwa: kujenga vyumba vya kupangisha Usagara ni akili au ni kufuata mkumbo?

MLETA HOJA
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi hapa kwetu Mwanza lifunguliwe Juni 2025, kila ninayekutana naye kijiweni ana mpango uleule: kiwanja Usagara, njiani kuelekea darajani, masta sita (vyumba vyenye choo ndani) zimejipanga mstari mmoja, halafu akae asubiri wapangaji. Ukimuuliza kwa nini, anajibu maneno mawili: "Watu wanakuja."

Nina vyumba vinne Buhongwa tangu 2017 na akiba kidogo ya kuongeza vingine, kwa hiyo suala hili linanigusa mfukoni. Msimamo wangu nauweka mezani mapema mnishambulie vizuri: tunahesabu watu, hatuhesabu wapangaji.

Sensa ya 2012 ilikuta Mkoa wa Mwanza una watu 2,772,509. Ya 2022 ikakuta 3,699,872. Madalali wanaipenda sana hiyo tofauti ya laki tisa na ushee, wanaitaja kana kwamba wote wanatafuta chumba. Wengi wao wamezaliwa humuhumu na bado wanalala na mama zao! Halafu kuna jambo halisemwi. Katika miaka ile kumi mkoa wetu ulikua kwa asilimia 2.9 kwa mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa 3.2. Kwa jinsi Kanda ya Ziwa tunavyozaa, tulitakiwa kuwa juu ya wastani. Maana yake watu wanatoka pia. Ndugu zetu wanashuka na ng'ombe Katavi hadi Lindi, vijana wanakimbilia Dar, na jirani zetu wa Geita wamekua kwa asilimia 5.4. Dhahabu inavuta.

Jiji lenyewe ni habari nyingine. Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zilitoka watu laki saba hivi zikavuka milioni 1.1. Kwa hiyo wanaokuja mjini wapo, sibishi. Ninachouliza ni nani anayekuja, kaletwa na nini, na kilichomleta kikiisha atabaki au atafungasha.

Waliojenga Kahama kwa ajili ya watu wa mgodi wa Buzwagi wanalijua hili. Mgodi ulifungwa 2021, mpangaji aliyekuwa analipa mwaka mzima bila kubembelezwa akaondoka na godoro lake. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, nayo imeleta mafundi na vibarua upande wa Fela. Reli ikishajengwa, fundi anaifuata kazi inakokwenda. Chumba ulichomjengea hakina magurudumu.

Haya, nipingeni.

DALALI, NYEGEZI
Mkuu, unaongea kama mtu aliyeshiba. Miaka 15 iliyopita Buhongwa nako watu walisema porini. Waliothubutu leo wana frem za barabarani. Usagara ni njia panda: huku Shinyanga, huku Sengerema na Geita. Zamani ulikaa foleni ya kivuko hata masaa mawili, leo daraja la kilomita tatu hivi unalivuka ndani ya dakika chache. Mfanyabiashara wa Geita anataka watoto wasome Mwanza, mgonjwa wake atibiwe Bugando, na yeye alale anapoweza kurudi kazini asubuhi. Atalala wapi? Ukisubiri watu wafike ndipo ununue kiwanja, utakinunua kwangu kwa bei ambayo utanichukia.

MWALIMU, SENGEREMA
Dalali, umeiangalia barabara upande mmoja tu. Mimi nilikuwa nimepanga Mkolani kwa sababu ya kivuko: nikilala Sengerema, sikuwa na uhakika wa kufika kazini. Daraja lilipofunguliwa nilirudi kwangu Sengerema. Chumba cha Mkolani nimekiacha. Daraja linaleta watu na linarudisha watu.

MAMA LISHE, ZAMANI KIGONGO
Niseme nami. Pale kivukoni tulikuwa wengi, wauza samaki wa kukaanga, mayai, karanga, maji ya baridi, na vijana wa kubeba mizigo. Wote tulipanga vyumba vya nyuma ya barabara, elfu ishirini, elfu ishirini na tano. Foleni ndiyo ilikuwa inatulisha. Sasa gari linapita moja kwa moja, nani atashuka anunue yai? Nimehamia Igoma, nauza chapati. Mwenye nyumba wangu wa kule alinipigia juzi kuniuliza kama namfahamu mtu wa kumpangisha. Nilimuonea huruma maana alikuwa mtu mzuri, hakuwahi kunitolea vyombo nje.

MCHANGIAJI MWINGINE
Peleka hela UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji, ulale. Hakuna bomba la kuziba wala mpangaji wa kukukimbia usiku.

MLETA HOJA
Mama, wabeja sana. Umesema kwa mistari michache nilichokuwa nakizunguka.

Ndugu wa UTT, hoja yako ina uzito kuliko wengi wanavyotaka kukubali. Tupige hesabu. Masta sita kwa milioni 30, kila moja elfu 60 kwa mwezi: zikijaa mwaka mzima unapata milioni 4.32, na hela yako inarudi kwa miaka saba. Sasa toa uhalisia. Vyumba viwili vikikaa wazi nusu mwaka kila mwaka, unabaki na milioni 3.6, miaka inazidi minane. Hapo hujaweka kodi ya zuio ya asilimia 10, rangi, vitasa, na lile shimo la choo linalojaa wakati huna hela. Kila anayenishawishi anakuja na hesabu ya vyumba vilivyojaa. Sijawahi kuletewa ya vyumba vitupu.

Tena mpangaji wa pembezoni ana ndoto moja, kiwanja chake. Wapangaji wangu wawili wa kwanza walikaa miaka miwili, mitatu, wakajenga vyumba viwili Kishiri, wakahamia kabla hata ya kupiga plasta. Nilifurahi nao, sina kinyongo. Lakini ujue unashindana na tofali la mpangaji wako mwenyewe.

MWENYE NYUMBA, MALIMBE
Basi jenga kwenye wanafunzi kama sisi. Chuo kikuu cha SAUT hakihami.

MLETA HOJA
Chuo hakihami, mzee wangu, ila wanafunzi wanahama kila mwaka. Likizo ndefu Malimbe inabaki na mbuzi. Na Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona hadi Juni, wenye vyumba huko hamkuwa na pa kulia. Hata hivyo nakukubalia jambo moja: mwanafunzi anaondoka ukiwa unajua Oktoba au Novemba atakuja mwingine. Huko ndiko kuhama ninakokuelewa. Wa daraja siwezi kumpangia mwezi.

DALALI, NYEGEZI
Kama hutaki Usagara, nina kiwanja Luchelele, unaona ziwa. Wageni wanapenda upepo.

MLETA HOJA
Kipo mita ngapi kutoka majini? Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60. Na maji ya ziwa yalipopanda 2020, na tena 2024, kuna waliokuwa wanaona ziwa dirishani wakaliona sebuleni.

MUUGUZI, MPANGAJI BUGARIKA
Mnabishana wenye nyumba kwa wenye nyumba, wapangaji hamtuulizi. Nimekuja kutoka Ukerewe miaka minne iliyopita, nimeshahama vyumba vitatu. Sikuhama hata kimoja kwa sababu ya daraja wala reli. Cha kwanza maji yalikuwa ya kupandisha mlimani kwa ndoo, unapita katikati ya mawe usiku. Cha pili mita moja ya umeme wa LUKU watu saba, mmoja anachomelea vyuma humo ndani. Cha tatu mwenye nyumba alitaka miezi sita tena kwa mpigo wakati mshahara ni wa mwezi. Mtu wa kuhamahama mnamtengeneza wenyewe. Kama nyumba ina bomba, mita yangu mwenyewe, na napokelewa kodi ya miezi mitatu, nakaa hata miaka kumi. Tupo wengi, ila madalali hawatutaji kwa sababu tukikaa sana wao hawali.

MLETA HOJA
Dada, hapo umenishika. Mita moja ndiyo niliyonayo na mimi. Kabla sijaenda kuangalia kiwanja cha mtu, Jumatatu nakwenda TANESCO kuuliza gharama ya kuweka mita nne.

MUUGUZI, MPANGAJI BUGARIKA
Ukishaziweka, kipo kilicho wazi? Nina mtoto mmoja na sichomelei.