Re: Ukungu katikati ya vioo vya dirisha: nipime vipi kabla ya kuomba kotesheni?

Kutoka Reading

Habari zenu ndugu. Dirisha la sebuleni ni la fremu ya plastiki, kioo cha tabaka mbili. Ukungu uko katikati ya vioo, haufutiki kwa ndani wala kwa nje. Maduka ya vioo yanataka vipimo kwanza ndipo yataje bei. Kinachopimwa ni kioo kinachoonekana tu, au pamoja na kilichojificha ndani ya fremu? Na je, ni lazima dirisha zima libadilishwe?

Kutoka Leicester

Salama, ndugu yangu. Fremu ikiwa nzima haiguswi. Kinachobadilishwa ni pakiti ya kioo peke yake: vioo viwili vilivyogundishwa pembeni, na kati yao ukanda mwembamba uliojazwa chembechembe za kunyonya unyevu. Gundi ikichoka, unyevu unapenya kidogo kidogo, chembechembe zinashiba, na kuanzia hapo mvuke unatua kwenye kioo. Wapo wanaotoboa kioo na kukikausha ndani. Ukungu unapungua, lakini gundi inabaki mbovu vilevile. Mimi siwashauri watu walipie kazi hiyo.

Kabla hujashika tepu, tofautisha kipimo cha kuulizia bei na kipimo cha kukatia kioo. Cha bei kikipotoka sentimita moja, hakuna hasara. Cha kukatia kikipotoka milimita tano, umenunua kioo ambacho duka halikipokei tena, maana kimetengenezwa kwa dirisha lako tu. Kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto, ndiyo kabisa: kikishatoka kwenye tanuri hakikatwi tena, ukijaribu kinasambaratika chote. Kwa hiyo uliza bei kwa vipimo vyako, lakini kama unamlipa fundi aje kufunga, muandikiane kwamba atapima mwenyewe kabla ya kuagiza, na kosa la kipimo ni lake.

Sasa kupima. Tumia tepu ya chuma, na milimita tupu. Kioo kimezungukwa na vijiti vinne vya plastiki, ndizo bidi. Tafuta mstari mwembamba ambapo bidi inakutana na fremu. Hapo ndipo pa kupimia, kutoka mstari wa kushoto hadi wa kulia, na kutoka wa juu hadi wa chini. Usipimie kwenye raba nyeusi iliyogusa kioo. Raba inakupa sehemu inayoonekana tu, na kioo kikikatwa kwa kipimo hicho hakitakuwa na pa kushikiwa.

Upana pima mara tatu, juu, katikati na chini. Kimo vilevile, kushoto, katikati na kulia. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, si wastani. Kisha toa milimita 10 kwenye upana na 10 kwenye kimo, yaani tano kila upande. Nafasi hiyo ina kazi: ndimo vinamokaa vipande vya plastiki vinavyobeba uzito wa kioo, na chini yake maji ya mvua yanapita kwenda kwenye matundu ya kutokea nje. Kioo kikikalia fremu moja kwa moja, ukingo wake unashinda ndani ya maji na gundi haidumu. Ukibadilisha kioo bila kuzibua matundu hayo, ukungu utarudi. Pima pia mishazari miwili, pembe hadi pembe. Ikitofautiana sana, fremu imepinda, na fundi anapaswa kulijua hilo kabla ya kutaja bei.

Hapa Uingereza upana hutajwa kwanza, kisha kimo. Usitegemee desturi, andika maneno yenyewe. Kwa kioo cha bafuni chenye michoro, ukigeuza vipimo hivyo viwili, mistari iliyopaswa kusimama italala. Taja pia jina la mchoro, au tuma picha ya karibu.

Wengi wanakwama kwenye unene. Chungulia kwenye ule ukanda kati ya vioo. Mara nyingi umechapwa namba. Ukiona 20, jumlisha na vioo viwili vya milimita 4, unapata 28, ambao ni unene wa kawaida sana kwenye fremu za plastiki. Ukiona 16, ni 24. Kioo kikizidi unene, bidi hazitaingia. Kikipungua, kitacheza na raba haitaziba. Na soma vizuri hapohapo, maana mara nyingi kuna tarehe ya kutengenezwa. Kama dirisha liliwekwa na dhamana ya miaka 10 na muda haujaisha, tafuta karatasi zake kabla ya kulipa hata senti.

Kutoka Leeds

Naongezea kwa Kaka wa Leicester. Uhakika kamili unapatikana ukitoa bidi na kupima kioo chenyewe, lakini hilo lisifanywe na kila mtu. Bidi zikiwa upande wa nje na dirisha liko ghorofani, acha. Kioo kikiwa na ufa, acha. Zikiwa ndani na uko chini, anza na bidi ndefu: ingiza kisu cha puti katikati ya urefu wake, si kwenye kona, uikunje kidogo itoke. Fupi zifuate. Kurudisha ni kinyume chake, fupi kwanza. Bidi ya kwanza ikishatoka, pawe na mtu anayeshika kioo. Kila meta moja ya mraba ya pakiti yenye vioo viwili vya milimita 4 ina kilo 20.

Jambo jingine ni ule utando usioonekana unaorudisha joto ndani ya chumba. Usiku, weka tochi ya simu karibu na kioo na uitazame kwa mshazari. Utaona viakisi vinne vya mwanga. Kimoja kikiwa na rangi tofauti na vingine, kioo kina utando, na kipya kiwe nao. Usipousema, bei rahisi unayotajiwa inaweza kuwa ya kioo kisicho nao.

Kutoka Croydon

Kwa wapangaji: msikimbilie kulipa. Sheria ya Landlord and Tenant Act ya 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atengeneze sehemu za nje za jengo, madirisha yakiwemo, kwa mikataba iliyo chini ya miaka 7. Kioo kimevunjika? Mwandikie, weka picha na tarehe. Na mliojinunulia fleti, someni mkataba wenu kwanza. Mara nyingine dirisha ni la mmiliki wa jengo.

Pia msilipie cheti cha FENSA, kile cha kuthibitisha kuwa kazi ya dirisha imefuata kanuni za ujenzi, kwa kioo peke yake. Kile ni cha kubadilisha dirisha pamoja na fremu.

Kutoka Reading

Ahsanteni sana wakubwa. Nimeandika hivi, naomba mnikosoe: "Pakiti moja ya kioo cha tabaka mbili. Mstari hadi mstari: upana 1,148, 1,146, 1,147, kimo 962, 961, 963. Kioo chenyewe: upana 1,136, kimo 951. Unene 28 (4, 20, 4). Utando upo. Kioo cha kawaida, cheupe. Bidi za ndani, dirisha la chini. Picha nne zimeambatishwa." Chini ya kioo hadi sakafuni ni milimita 640.

Kutoka Leicester

Hesabu iko sawa, na umefanya vizuri kuweka vipimo vyote sita ili fundi aone ulikotoa jibu. Ila futa "kioo cha kawaida". Mwongozo wa majengo wa England, Approved Document K, unahesabu kioo kilicho chini ya milimita 800 kutoka sakafuni kuwa mahali pa hatari, na chako kinaanzia 640. Milangoni, na kwenye vioo vya pembeni vilivyo ndani ya milimita 300 kutoka mlangoni, kipimo ni hadi 1,500. Mtoto akiangukia kioo cha kawaida, vipande vyake ni visu. Andika "kioo cha tempa pande zote mbili", kisha tazama kona za kioo cha zamani. Ukikuta alama ya kiwango cha kioo cha usalama, BS 6206 au BS EN 12150, ipige picha na uiambatishe. Kipya kikija bila alama, usikipokee.

Mwisho wa barua, uliza kama bei ina VAT ya asilimia 20 ndani yake, kama kufunga na kuondoa kioo cha zamani vimo, na dhamana ya gundi ni ya miaka mingapi. Pakiti yako itakuwa na karibu kilo 22, kwa hiyo uliza pia kama bei ni ya fundi mmoja au wawili.