Stroberi kwenye udongo wa chokaa Kiomoni: bakteria watasaidia?

MamaKiomoni: Wadau, hamjambo. Nakaa Kiomoni, Tanga, si mbali na Mapango ya Amboni. Huku ukichimba kidogo tu, jembe linagonga jiwe la chokaa. Mwezi wa sita nilipanda miche 40 ya stroberi kutoka Lushoto, nikaiwekea kivuli cha makuti. Majani ya zamani mazima, ila machanga yanatoka ya njano, mishipa tu ndiyo ya kijani. Nimetia samadi, wapi! Sasa nimeuziwa chupa ya bakteria, Bacillus subtilis, nimeambiwa njano yote itakwisha. Mwanangu kila asubuhi anapita kuangalia maua kabla ya kwenda shule, roho inaniuma. Hii dawa inafaa kweli? Maji yangu ni ya kisima.

BwanaShambaMuheza: Dada, hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Chuma kimo udongoni, chokaa imekifunga. Stroberi inapenda pH (kipimo cha uchachu wa udongo; ikipanda, uchachu unapungua) ya 5.5 hadi 6.5, na udongo wa chokaa mara nyingi hupita 7.5. Dondosha siki kwenye udongo mkavu: ukitoa povu, chokaa ipo.

Bakteria hao si uongo. Wanatoa asidi inayolegeza fosforasi, na wengine, hasa jamii ya Pseudomonas, hutoa kemikali za kukamata chuma mmea ukapata. Lakini kazi yao ni pale pale kwenye ngozi ya mzizi. Jiwe lote hilo hawaliwezi, na kisima chako huenda kinaongeza chokaa kila unapomwagilia. Hamishia miche kwenye ndoo zenye mboji na mchanga wa mto, kinga maji ya mvua ya kumwagilia, halafu ndipo utie bakteria. Udongo ulete kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Mlingano, huku kwetu Muheza, upimwe.

MkulimaLushoto: Mie nawatumia mwaka wa pili. Nachovya mizizi kwenye maji yenye bakteria jioni, jua limepoa, ndipo napanda. Maji ya bomba nayalaza wazi usiku kucha kwanza, maana klorini inawaua. Na usichanganye na dawa ya ukungu yenye shaba, utakuwa umewaua kwa mkono wako. Wale bakteria wa maharage usinunue, hawafungi vinundu kwenye mizizi ya stroberi.

MamaKiomoni: Siki imetoa povu kama soda! Asanteni sana, kaka zangu. Fundi rangi jirani ana ndoo tupu za lita 20, nitaziosha vizuri. Ndoo moja niweke miche mingapi?

MkulimaLushoto: Mitatu, na toboa chini. Kishina kifupi panapoanzia majani kisizikwe, kitaoza.